Dereva Hulipwa kwa Tripu, Lakini Anafanya Kazi Saa Ngapi?

Haya ni maneno ya mfanyakazi wa huduma za jamii wa parokia, aliyoyasema ukumbini mbele ya madereva wa malori, wake zao, mataniboi na wenye magari. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, tukiondoa salamu na matangazo.



Baba zangu, mama zangu, vijana, na nyinyi wenye malori mlioketi kule nyuma karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoka mapema (kicheko), karibuni wote. Nawaona na wale walioshuka safarini leo asubuhi. Ukisinzia sitakulaumu, ila usikorome.

Nimeombwa niseme juu ya nidhamu ya kazi. Barua niliyoletewa na kamati ya maendeleo ilisema kwamba madereva siku hizi wanauza mafuta, hawaheshimu wakati, wanabeba abiria njiani, na nije niwape mawaidha. Nikajibu kwamba nitakuja, lakini nitakuja na chaki. Kabla ya kumwambia mtu afanye kazi kwa uaminifu, ni haki tujue kazi yenyewe ni ya saa ngapi, na saa moja inalipwa pesa ngapi. Swali hilo nimewauliza madereva wengi. Mtu ananiambia, "Kampala ni elfu kumi na tano." Namuuliza, kwa saa? Ananicheka. "Mama, lori halina saa."

Basi leo tutalivisha saa.

Baba mmoja wa jumuiya yetu, ambaye hapendi atajwe, alikubali kuniandikia safari moja ya kutoka Mombasa mpaka Kampala na kurudi. Nilimpa daftari la shule na kalamu. Nikamwambia, ukiwasha injini andika saa, ukizima andika saa, na ukisimama andika kwa nini umesimama. Mombasa kwenda Kampala ni karibu kilomita 1,170, nyinyi mnaijua njia kuliko mimi. Safari yake ilichukua siku 12 mpaka akarudi Mombasa na gari tupu. Mambo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike, lakini hesabu ni ile.

Tazameni ubaoni. Kuendesha, kwenda na kurudi, saa 58. Hizo ndizo kila mtu anaziita kazi. Halafu kungoja kupakiwa Mombasa, makaratasi hayajakamilika, yuko kwenye foleni na hawezi kuacha gari, saa 31. Mizani na kusimamishwa njiani, ukijumlisha yote, saa 9. Mpaka wa Malaba wakati wa kwenda, saa 26, na wakati wa kurudi, saa 4. Pancha, saa 3. Huko Kampala ghala lilikuwa limejaa, kisha ikaingia sikukuu, akangoja kushushiwa mzigo saa 44. Hapo nimehesabu zile saa alizokuwa macho na gari liko mikononi mwake. Usingizi na chakula sijavitia. Jumlisheni: kungoja ni saa 117. Ongezeni zile 58 za kuendesha, mnapata 175.

Sasa pesa. Alilipwa Sh. 15,000 za tripu, mbali na posho ya chakula na gharama za njiani. Ukigawanya kwa saa za kuendesha peke yake unapata Sh. 258 kwa saa, na mtu angesema huyu hana shida. Gawanya kwa saa 175. Sh. 85. Na bado hajamlipa taniboi, kwa sababu huyu kijana si wa tajiri, ni wa dereva. Alimpa Sh. 3,500. Kwa hiyo dereva amebaki na Sh. 11,500, ambazo kwa saa ni Sh. 65 na senti kidogo. Na kijana? Elfu tatu mia tano kwa saa 175. Msihangaike na kalkuleta, ni Sh. 20 kamili.

(Hapa ukumbi ulinyamaza, kisha mzee mmoja akasema kwamba kungoja si kazi, mtu amelala tu kwenye kebini.)

Mzee wangu, asante kwa kusema, kwa sababu hata wenye magari wanasema hivyo hivyo. Lakini hebu tuone. Dereva aliyelala tu kwenye kebini, akiamka akute sili ya kontena imekatwa, nani anaandikishwa taarifa polisi? Foleni ikisogea saa nane usiku na yeye hayuko, si anapoteza nafasi? Anaweza kwenda kumwona mgonjwa wake hospitalini arudi jioni? Hawezi. Mlinzi wa usiku hulipwa kwa kukaa pale, na hatumwambii eti hukufanya kitu kwa sababu mwizi hakuja.

Kisha kuna jambo jingine ambalo lilinifungua macho mimi mwenyewe. Nilikaa na kijana mmoja wa klaringi akanionyesha karatasi za mzigo. Kumbe kampuni za meli huhesabu siku za kontena! Unapewa siku fulani za bure, na likichelewa kurudi, linatozwa pesa kwa kila siku. Hakuna anayesema kontena lilikuwa limelala tu. Lile sanduku la chuma linalipiwa likingoja. Mtu aliyeketi mbele yake kwenye usukani halipiwi.

Mwezi wa Mei 2020, wakati wa korona, mnakumbuka foleni ya Malaba. Malori yalipangana makumi ya kilomita, watu wakingoja kupimwa na kungoja majibu. Wanawake wa kando ya barabara waliogopa hata kuwauzia chai. Nilizungumza kwa simu na wengine wa hapa petu waliokuwa huko. Tripu ilikuwa tripu ile ile. Siku kumi zaidi, pesa ile ile.

Sasa mtaniambia nimekuja kuwatetea madereva. Ngojeni. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kwa kuwa tumetaja mafuta, tuanzie hapo.

Mtu akilipwa kwa saa moja chini ya kijana anayechimba mtaro, atatafuta mshahara wake mahali pengine. Ataupata kwenye tangi. Mwenye gari anampa dizeli ya kipimo, na kinachobaki dereva anakiona ni chake. Wanunuzi wako kando ya barabara na mitungi yao, mnawajua kwa majina. Lakini ili kitu kibaki lazima uweke akiba njiani, na akiba hiyo mnaipata wapi? Mnaipata mteremkoni. Mnaweka fri.

Kwa akina mama ambao hawajui, fri ni kutoa gari kwenye gia, likateremka lenyewe kwa uzito wake. Trela iliyojaa inaweza kupita tani arobaini. Ikiwa ndani ya gia, injini inasaidia kuizuia. Ikiwa kwenye fri, kazi yote inaachiwa breki. Breki zinapata moto, na zikichemka sana zinakataa, hata ukisimama juu ya pedali kwa miguu miwili. Hapo gari linakuwa jiwe limebingirishwa kutoka mlimani. Mteremko wa Sachangwan kushuka Salgaa umekula watu kwa namna hiyo miaka mingi, mpaka ikabidi barabara itenganishwe katikati.

Na niwaambie kitu ambacho fundi mmoja alinieleza, nikamuuliza fundi wa pili naye akasema hivyo hivyo. Kwa malori ya siku hizi yenye injini ya kompyuta, fri haikupi akiba yoyote ya maana. Ukiinua mguu ukiwa ndani ya gia, injini yenyewe inakata dizeli, kwa sababu magurudumu ndiyo yanaizungusha. Ukiweka fri, inabidi inywe kidogo ili isizime. Yaani mtu anahatarisha roho kwa kuiba kitu ambacho hakipo! Kwa malori yale ya zamani mlikuwa na sababu mbaya. Sasa hamna hata hiyo.

Nasema haya kwa uchungu, na wengine hapa wanajua kwa nini.

Mume wa dada yangu alikuwa dereva. Shemeji yangu huyo alikuwa mtu wa mzaha mwingi, hawezi kuingia nyumbani kwangu bila kuuliza chai iko wapi kabla ya kusalimu. Mwaka 2011 alikuwa anatoka Malaba na mahindi. Alikuwa amekaa mpakani siku tano. Alipofunguliwa, aliendesha moja kwa moja, kwa sababu tripu nyingine ilikuwa inamngoja na asipofika ingepewa mtu mwingine. Taniboi aliruka akapona, na ndiye aliyetuambia kwamba gari lilikuwa kwenye fri. Shemeji hakupona.

Sikuja kumhukumu marehemu. Alikosea, na kosa hilo lingeweza kuua wengine, namshukuru Mungu halikuua. Ninachotaka mjue ni kilichofuata. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, inasema mfanyakazi akifa kazini, wanaomtegemea wapewe mapato yake ya miezi 96. Miaka minane ya mshahara. Dada yangu ana watoto watatu, pesa hiyo ingewasomesha. Tukaenda kwa mwenye gari. Akatuambia kwa upole kabisa, akatununulia hata soda, kwamba huyu hakuwa mfanyakazi wake, alikuwa mtu wa tripu tu. Tukauliza, mapato yake ya mwezi yalikuwa kiasi gani? Akasema inategemea. Sisi tulikuwa na nini cha kumjibu? Hatukuwa na barua ya kuajiriwa wala karatasi ya mshahara, na simu yake haikupatikana. Mimi niliyesomea diploma ya kazi za jamii, ninayefundisha watu haki zao katika semina, sikuwa hata siku moja nimemwambia shemeji yangu aandike kitu. Miezi 96 mara ya nini? Dada yangu alipewa pesa za jeneza na gunia mbili za mahindi yaliyookotwa barabarani. Nilipoyaona yale mahindi nilitoka nje.

Basi, tuendelee.

Mimi si wakili, lakini haya machache nimeyauliza kwa ofisi ya kazi na nimeyasoma. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na mazingira ya kazi yanayofaa, na haki ya kuingia chama. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Amri ya jumla ya mishahara, ambayo serikali huibadilisha kila baada ya muda, hutaja dereva wa gari kubwa katika mstari wake mwenyewe, si sawa na wa gari dogo. Nendeni mkauliza kiasi cha leo, msitegemee cha redio.

Amri hiyo hiyo inasema wiki ya kazi ya kawaida ni saa 52 kwa siku sita. Zidisha kwa wiki za mwaka, gawanya kwa miezi 12, unapata kama saa 225. Ndiyo maana ukitaka kujua mshahara wa mwezi ni pesa ngapi kwa saa, unagawanya kwa 225. Shikeni namba hiyo. Zaidi ya saa hizo ni ovataimu, mara moja na nusu siku ya kawaida, na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu.

Turudi ubaoni kwa yule baba. Kwa mwezi anafanya tripu mbili, Sh. 30,000. Kugawanya kwa 225 ni Sh. 133. Lakini saa zake za tripu mbili ni 350. Amezidisha saa 125. Ovataimu ya saa moja ni Sh. 200. Mia mbili mara 125 ni Sh. 25,000. (Sauti kutoka kwa wasikilizaji.) Tulieni, sijasema mkadai kesho asubuhi. Mwenye gari atabishana kwamba kungoja si kazi, dereva atabishana kwamba ni kazi, na bila karatasi hata moja mabishano hayo yataamuliwa na mwenye sauti kubwa. Mwenye sauti kubwa ni nani, mnamjua. Tangu treni ya mizigo ya SGR ianze mwaka 2018, tripu zilipungua kwa wengi wenu, na mtu ambaye gari lake limekaa mwezi mzima habishani.

Kuna na hili la saa nane. Sheria ya trafiki iliyorekebishwa mwaka 2012 inasema dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe zaidi ya saa nane kati ya saa ishirini na nne. Haisemi juu ya dereva peke yake, inamgusa pia anayemtuma au kumruhusu. Katika daftari la yule baba kuna siku moja aliyowasha injini Malaba saa kumi alfajiri na kuizima Mlolongo saa tatu usiku. Ukitoa vituo, aliendesha saa 13. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Zile saa zilizoliwa Kampala nilikuwa nazirudisha." Unaona? Alinyang'anywa siku mbili ghalani, akazitafuta barabarani. Na barabarani kuna watoto wa shule, kuna akina mama wa sokoni. Tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani lori moja liliua zaidi ya watu 50 jioni moja, wengi wakiwa wachuuzi na watu waliokuwa wanangoja gari. Sitasema kilichosababisha. Nasema tu hivyo ndivyo lori linavyoweza.

Huko Ulaya hili la tripu walilitazama. Kanuni yao Na. 561 ya mwaka 2006 inakataza kampuni kumlipa dereva kwa umbali aliokwenda au wingi wa mzigo, ikiwa malipo ya namna hiyo yanahatarisha usalama barabarani. Na akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45. Sisemi tuige kila kitu cha Wazungu, lakini hapo walielewa kwamba jinsi unavyomlipa mtu ndivyo anavyoendesha.

Nimewasema wenye magari, lazima niwasikie pia. Mama mmoja yuko hapa, ana lori moja, alilinunua kwa mkopo baada ya kustaafu. Alikuja ofisini kwangu akiwa amekasirika sana. Kila tripu lita arobaini zinapotea. Mwenye mzigo anamlipa baada ya siku sitini, wakati mwingine tisini, na benki haingoji siku moja. Akaniuliza, "Mwanangu, lori langu likikaa bandarini siku tatu, mimi ananilipa nani?" Hakuna. Ni kweli. Mwenye mzigo anamsukumia ajenti, ajenti anamsukumia mama huyu, mama anamsukumia dereva, dereva anamsukumia taniboi, na taniboi, yule wa shilingi ishirini, hana wa kumsukumia. Kwa hiyo wenye magari nawaomba, mnapoandikiana na ajenti, wekeni hapo malipo ya kungoja. Mkiwa mmoja mmoja atawacheka. Mkienda kumi hatacheka sana.

Katekista ananiangalia, nadhani anataka nitaje lile fumbo la shamba la mizabibu. Nitalitaja kidogo. Sisi hulisoma tukiwaangalia wale waliofanya kazi tangu asubuhi wakanung'unika. Lakini wale wa saa kumi na moja walikuwa wapi siku nzima? Walikuwa wamesimama sokoni wakingoja. Na mwenye shamba akawalipa siku nzima. Nawaachia mapadre waendelee.

Madereva, sasa ni zamu yenu, na hapa nitasema kama dada yenu. Kuna saa zinazoliwa na bandari, na kuna saa mnazozila wenyewe. Yule baba aliandika kwa ukweli, na ukweli wake uliniambia pia kwamba usiku mmoja alikaa kwa baa mpaka saa saba, halafu asubuhi akawa na haraka. Saa hizo sikuzitia kwenye 175, na hakuna tajiri anayepaswa kuzilipa. Kumpa taniboi asiye na leseni usukani ili wewe ulale, hilo halina hesabu ya kulitetea. Kutafuna miraa siku mbili mfululizo ili usilale, vile vile. Wake zenu wanaposema hawaoni pesa, wakati mwingine pesa haikuwa nyingi, na wakati mwingine ilikuwepo ikashuka njiani kabla yenu. Wake mlio hapa msipige makofi sana (kicheko), nanyi mna yenu.

Mnauza dizeli mnasema ni kwa sababu mshahara ni mdogo. Mshahara ni mdogo, nimekubali, nimeandika ubaoni. Lakini ukiuza dizeli huwezi tena kukaa mbele ya tajiri na kudai zile saa 117. Atakuuliza habari ya lita arobaini na utatazama chini. Yeye anajua unaiba, anakuachia, na kwa kuwa anajua hakuongezi. Mmekubaliana bila kusema neno, na katika makubaliano hayo mjane hana kitu, kwa sababu hakuna mahakama itakayoandika mapato ya mtungi kwenye zile miezi 96.

Yule mama wa lori na dereva wake niliwakutanisha. Tulikaa chini ya mti, mazungumzo yalichukua Jumamosi mbili. Mwisho waliandika karatasi moja, wakatia sahihi, na mimi na mwenyekiti wa jumuiya tukawa mashahidi. Pesa ya tripu ilibaki ile ile. Lakini mahali popote gari likingoja zaidi ya saa 24, kuanzia hapo dereva anahesabiwa Sh. 100 kwa saa, zisizidi saa kumi kwa siku. Taniboi analipwa na mama mwenyewe. Mafuta yanapimwa wakiwa wote wawili, gari likitoka na likirudi, na kinachobaki chini ya kipimo wanagawana nusu kwa nusu. Fri hakuna, na mwisho wa kuendesha ni saa nane. Mama alinung'unika sana hapo kwa saa nane. Dereva alinung'unika kwa habari ya kupima mafuta. Nikajua tuko karibu na haki.

Wamefanya tripu tatu. Ya kwanza alirudi na saa 19 za kungoja, akalipwa Sh. 1,900 juu ya tripu, na tangini zilibaki lita 22, kila mmoja akapata 11. Ya pili ilikwenda vizuri pia. Ya tatu daftari halikuandikwa tangu Eldoret, na mafuta yamepungua lita 15. Dereva anasema alizunguka kwa sababu ya barabara iliyofungwa. Mama anasema barabara ilifungwa siku nyingine. Wote wawili wamekubali kuja ofisini kwangu Alhamisi, na yule taniboi ameombwa aje pia, kwa sababu yeye alikuwa ndani ya gari na sasa mshahara wake hautoki tena kwa dereva.

Madaftari nimeyaleta, yako kwenye meza ya katekista, ni sitini. Kurasa nimezipiga mistari tayari: kuwasha, kuzima, mahali, sababu. Wenye magari nanyi mchukue, muandike siku mzigo uliposhushwa na siku mlipolipwa. Mtu asichukue mawili. Kama kuna maswali, tuanze na akina mama, kwa sababu madereva wakishika maikrofoni tutalala hapa.